Rangi ya gari haiongezeki, tujifunze kuitunza wenyewe

Kila mara gari linapopigwa polishi, rangi yake hupungua. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwenye gari anapaswa kulijua, na ndilo ambalo wengi wetu hatuambiwi. Tunalipeleka gari likiwa limefifia, tunalichukua likimetameta, kisha tunaondoka tukiamini kwamba limeongezewa kitu. Kilichotokea ni kinyume chake. Polishi ni unga mgumu, aghalabu wa oksidi ya alumini, uliosagwa ukawa laini mno na kuchanganywa na maji na mafuta. Kazi yake ni kuuparuza uso wa rangi mpaka kingo za mikwaruzo zisawazike na mwanga uakisiwe sawasawa. Mng'aro hupatikana kwa kuondoa. Ndiyo maana naamini kwamba mwenye gari anapaswa kujifunza kazi hii kwa mikono yake, nyumbani kwake, hata kama baadaye ataamua kumlipa fundi. Waoshaji watabadilika na mafundi watabadilika, lakini yeye ndiye atakayekaa na gari hilo muda wa kutosha kujua limeshaondolewa kiasi gani.

Kiasi chenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Gari la kisasa likitoka kiwandani huwa na matabaka manne juu ya bati: praima ya kwanza inayoshikishwa kwa umeme ili kuzuia kutu, praima ya pili ya kusawazisha, rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Yote kwa pamoja huwa kati ya mikroni 90 na 150, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake ni mikroni 35 hadi 50 hivi, wakati unywele wa binadamu una takriban mikroni 70. Tabaka hilo jembamba ndilo linalobeba mng'aro wote, na ndani yake mna kemikali zinazonyonya miale ya urujuanimno isiifikie rangi iliyo chini. Polishi laini huondoa mikroni moja au mbili, kompaundi kali kwa pedi ya sufi huondoa zaidi, na msasa wa maji unaweza kuondoa mikroni kadhaa kwa dakika chache. Ni akiba ambayo hutolewa tu, haiwekwi. Gari linalopigwa kompaundi kila sikukuu litafika mwaka ambao boneti na paa huanza kubabuka mabaka meupe, na mabaka hayo hayana polishi inayoyatibu. Dawa yake ni kupaka upya.

Kupaka upya nako si kukirudisha kile kilichokuwepo. Kiwandani, klia hukaushwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 140 hivi za Selsiasi, bodi ikiwa bado tupu, haijafungwa viti, nyaya wala plastiki. Gari lililokamilika haliwezi kuingizwa kwenye joto hilo, kwa hiyo rangi ya gereji huchanganywa na kigandishi na kukaushwa kwa nyuzi 60 hivi pale penye tanuri. Gereji nyingi za mitaani hazina tanuri, na gari hupuliziwa uani chini ya turubai huku upepo ukileta vumbi. Wapo mafundi rangi hodari wanaofanya maajabu katika hali hiyo, nami nawaheshimu. Lakini hata fundi bora kabisa hawezi kukurejeshea tabaka la kiwandani ulilolimaliza mwenyewe kwa pupa ya kutaka gari ling'ae Jumamosi moja.

Jua letu nalo halisaidii. Tanzania, Kenya na Uganda ziko kwenye ikweta au karibu nayo, ambako miale ya urujuanimno ni mikali karibu mwaka mzima. Tena miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Nairobi iko juu ya mita 1,600. Boneti jeusi lililoegeshwa mchana kutwa huweza kupita nyuzi 60. Mikroni tano za klia ambazo mtu wa Ulaya ya Kaskazini anaweza kuzipoteza bila kujuta, kwetu zinaweza kuwa tofauti kati ya gari lenye rangi na gari lililobabuka.

Sasa, kwa nini magari yetu yanahitaji polishi mara nyingi hivyo? Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, kwa sababu jibu halimo katika jua wala umri. Mikwaruzo mingi inayotufanya tutafute polishi tunaiweka wenyewe, tena katika tendo tunalolihesabu kuwa ni la usafi. Mtazame dereva, mlinzi au mwenye gari asubuhi: anachukua tamba kavu, analikung'uta mara moja, kisha anafuta gari zima kwa mizunguko, kuanzia boneti hadi buti, lile vumbi la usiku likiwa bado juu yake. Vumbi la barabara zetu limejaa kwatzi, madini yaleyale ya mchanga, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs yana 7, wakati chuma cha kisu cha kawaida kina kama 5.5. Klia ni aina ya plastiki, laini kuliko vyote viwili. Kufuta vumbi kavu juu ya klia ni kuipiga msasa polepole, siku baada ya siku, bila kujua. Halafu Jumamosi gari linapelekwa kuoshwa, na huko sponji moja iliyoanguka chini mara tatu asubuhi hiyo inapita kwenye rimu, kwenye vizingiti vyenye tope, kisha inapanda mlangoni.

Matokeo yake huonekana vizuri zaidi kwenye gari jeusi chini ya taa ya barabarani. Kuizunguka nuru ya taa utaona nyuzi nyembamba zilizojipanga duara. Watu hudhani kwamba ni alama za mikono ya mwoshaji aliyekuwa akizungusha tamba. Kwa kweli mikwaruzo hiyo imekwenda kila upande. Jicho huiona ile tu iliyokaa kwa pembe inayourudisha mwanga kwetu, ndiyo maana duara huhama pamoja na taa. Hata ukiwa mtu mwangalifu asiyezungusha kitambaa hata kidogo, ilimradi kuna mchanga kati ya kitambaa na rangi, duara lile litatokea. Kinachokwaruza ni ile chembe iliyobaki, na namna ya kupitisha mkono haiiondoi.

Desturi hii ya kufuta na kusugua haikuzuka kwa ujinga. Wazee waliomiliki Land Rover na Peugeot 404 walikuwa na magari ya rangi ya aina nyingine. Magari mengi ya wakati wao hayakuwa na klia. Rangi ilikuwa moja kuanzia juu hadi kwenye praima, na jua lilipoichoma uso wake ulififia na kutoa unga. Kusugua kuliuondoa uso huo uliokufa na kufichua rangi ileile ikiwa mbichi chini yake. Kitambaa kilitoka kikiwa na rangi ya gari, na hilo lilikuwa jambo la kawaida. Klia ilienea katika magari ya kawaida tangu miaka ya 1980, mikono yetu ikabaki na mazoea ya gari la zamani. Leo kitambaa hakitoki na rangi yoyote, kwa kuwa kinachoondoka hakina rangi, na hivyo hakuna anayeshtuka.

Juu ya desturi hiyo imejengeka biashara ya mng'aro wa haraka. Sipendi kuwalaumu vijana wanaoifanya, maana wanafanya kile ambacho mteja anakitaka. Mteja anasubiri, anataka kuona tofauti kabla hajalipa, na mwenye mashine analipwa kwa idadi ya magari. Kwa masharti hayo, chombo kinachofaa ni mashine nzito ya mzunguko mmoja, pedi ya sufi na kompaundi kali iliyojaa mafuta. Mashine hiyo hukusanya joto mahali pamoja, na kwenye kingo za boneti na mikunjo ya milango, ambako rangi huwa nyembamba zaidi, inaweza kufika kwenye praima kwa sekunde chache. Mafuta yaliyomo kwenye kompaundi huziba mikwaruzo kwa muda, gari linatoka liking'aa kweli, na baada ya kuoshwa mara mbili tatu duara zile zinarudi. Mwenye gari anarudi tena. Kuna njia rahisi ya kuujua ukweli: pangusa sehemu ndogo kwa spiriti iliyochanganywa na maji kabla ya kulipa. Spiriti huondoa mafuta, na kinachobaki ndicho kilichotengenezwa hasa. Ikiwa mikwaruzo imerudi papo hapo, umelipia kufichwa kwa tatizo, tena umelipia kwa fedha na kwa klia.

Kujifunza nyumbani, basi, kuanze na maji. Gari lioshwe kivulini, bodi likiwa limepoa, kwanza kwa kumwagiwa maji tu ili mchanga ushuke wenyewe kabla ya kitu chochote kuligusa. Ziwepo ndoo mbili, moja ya shampuu ya magari na nyingine ya maji matupu, na glavu ya maikrofaiba isuuzwe kwenye ile ya maji matupu kila inapomaliza sehemu moja, kabla ya kurudi kwenye sabuni. Ianzwe juu, paa na vioo, kisha kushuka. Vizingiti na bampa vije mwisho, na rimu ziwe na kitambaa chake ambacho hakipandi juu kamwe. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi yanayoondoa nta yote iliyowekwa, hivyo iachiwe nguo. Ukaushaji ufanywe mara moja kwa taulo la maikrofaiba linalolazwa na kuvutwa taratibu, hasa kwa wenye maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na tone likikaukia juani huacha doa la madini ambalo halitoki kwa sabuni. Kinyesi cha ndege nacho kisisubiri Jumamosi. Watu wa Pwani wanawajua kunguru wa Kihindi, walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuenea bara. Kinyesi chao kikikaushwa na jua hula klia na kuacha kovu. Kitambaa kilicholoa kilazwe juu yake dakika chache mpaka kilainike, kisha kiinuliwe bila kusugua.

Anayeyafanya hayo kwa mwaka mmoja atagundua kwamba haja ya polishi imepungua sana. Na pale inapobaki, kazi yenyewe inajifunzika. Baada ya kuosha, pitisha kiganja juu ya boneti. Ukihisi chembechembe, hizo ni uchafu ulioganda, utomvu wa miti na vumbi la chuma kutoka kwenye breki, na huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi unaoteleza juu ya maji ya shampuu. Kisha chagua eneo la nusu mita mraba, ulijaribu kwa pedi laini na polishi laini kabisa uliyonayo, ulipanguse kwa spiriti, ulitazame kwa tochi. Ikiwa inatosha, endelea hivyo gari zima. Ikiwa haitoshi, ndipo upande daraja moja. Kanuni ya kuanza na kilicho dhaifu ndiyo inayomtenga mtunzaji na mwangamizaji. Mashine ya mwanzo iwe ile ambayo pedi yake huzunguka na kuyumba kwa wakati mmoja: ukiikandamiza kupita kiasi, au ukigonga ukingo, mzunguko wake hupungua au husimama, na ndiyo maana haichomi rangi kwa wepesi kama ile ya mzunguko mmoja. Kingo na mikunjo ifunikwe kwa utepe wa karatasi. Mkwaruzo ambao ukucha unanasa ndani yake umeshazidi kina cha polishi, nao uachwe. Kuufukuza mpaka utoweke ni kuimaliza klia iliyouzunguka. Nalisisitiza hili kwa sababu tamaa ya ukamilifu ndiyo inayowaharibia magari watu wenye bidii. Rangi yenye mikwaruzo michache na klia nene ni bora kuliko kioo kilichobakiza mikroni 15.

Ikimalizika, hufuata nta. Hiyo haipunguzi kitu, na ingefaa watu waipende kuliko polishi. Nta ya kanauba, itokanayo na majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, huyeyuka kwenye nyuzi 82 na kuendelea, na juani kwetu haidumu muda mrefu. Zile za kemikali hudumu zaidi. Yoyote kati ya hizo, ikipakwa kwa mkono kila baada ya miezi michache, huwa ndiyo inayoliwa kwanza na kinyesi, chumvi na sabuni, klia ikabaki salama.

Wapo watakaosema kwamba haya yatawanyang'anya vijana riziki. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu kuosha magari ni kazi ya maelfu wasio na kazi nyingine. Lakini tujiulize riziki hiyo ilivyo sasa. Ufukweni Kisumu, waosha magari wamekuwa wakisimama ndani ya Ziwa Victoria pamoja na magari wanayoyaosha. Watafiti waliwafuatilia kwa miaka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalieleza jinsi walivyokuwa wakitibiwa kichocho na kuambukizwa tena waliporudi kwenye maji yaleyale. Urahisi wa bei tunayofurahia unalipiwa na mtu mwingine kwa mwili wake. Mteja asiyeijua kazi hushindanisha bei tu, na anayeijua huweza kumlipa zaidi kijana mwenye ndoo mbili, vitambaa safi na mahali pakavu pa kusimama, kwa kuwa anaona anacholipia. Nchini Tanzania, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha ufundi wa bodi na kupaka rangi. Utunzaji wa klia ungestahili kuwa somo kamili humo, na wahitimu wake watapata soko pale tu ambapo wateja wameelimika. Ujuzi wa nyumbani ndio unaolizalisha soko hilo.

Pingamizi la gharama lina ukweli nusu. Mashine, pedi na chupa za polishi ni fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na kwa mtu mwenye gari moja si lazima azinunue: majirani watatu wanaweza kuchangia, maana mashine hii hutumika mara moja au mbili kwa mwaka. Lakini sehemu kubwa ya faida iko katika ndoo ya pili, glavu na taulo, vitu ambavyo havifikii bei ya kupiga polishi mara chache barabarani. Kuhusu maji, wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau mgawo wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua. Ndoo mbili za lita 15 pamoja na moja ya kusuuza hazifiki lita 50, kiasi ambacho mpira ulioachwa wazi hukimaliza kwa dakika chache tu. Siku ambazo maji hayapo, ushauri wangu ni mgumu kwa wapenda usafi: gari liachwe na vumbi lake. Vumbi lililotulia halikwaruzi mpaka mtu alisugue.

Linabaki lile la wanaosema kwamba gari ni chombo cha kazi, si pambo. Nakubaliana nao kwa asilimia mia, na ndiyo maana naandika. Rangi iliwekwa ili bati lisile kutu, na mjini Tanga au Mombasa, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, praima iliyoachwa wazi haidumu. Anayeutafuta mng'aro kwa pupa ndiye anayeligeuza gari kuwa pambo. Mwenye kuosha vizuri na kupiga polishi kwa nadra ndiye anayelitunza kama chombo.

Na ujuzi huu unahitajika hata kabla ya gari kufika nyumbani. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani. Kenya hairuhusu yaliyozidi miaka 8, na Tanzania hutoza kodi ya ziada kwa yenye umri mkubwa. Yanapofika sokoni huwa yana historia ndefu ya kuoshwa, na mengine hupigwa polishi mara ya mwisho kabla ya kuwekwa mbele ya mnunuzi. Gari lililopita mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada yenye mchoro wa bodi na alama: A kwa mkwaruzo, U kwa bonyeo, W kwa sehemu iliyonyooshwa na kutengenezwa, XX kwa sehemu iliyobadilishwa. Iombwe karatasi hiyo. Pia iombwe au ikodiwe kwa fundi mashine ndogo ya kupimia unene wa rangi, ambayo husoma jumla ya mikroni juu ya bati bila kuliharibu. Paa likisoma 120, milango 115 na boneti 80, hiyo ni dalili kwamba boneti limeshapigwa kompaundi sana. Likisoma zaidi ya 200 limepakwa upya, na likizidi 1,000 kuna pati chini yake. Muuzaji atakuonyesha jinsi linavyong'aa. Wewe andika namba za kila sehemu, umwonyeshe, ndipo mzungumze bei.